KUMI KWA KUMI: HESABU INAYOTUHUSU

Nimeshika kalamu kutoa maoni yangu kuhusu jambo ambalo wengi huliona kama adhabu: kugeuza vipimo vya eneo. Utasikia mwanafunzi akilalamika, "Hizi mita za mraba zitanisaidia wapi maishani?" Mimi nasema zitamsaidia papa hapa Kibera na Kawangware, tena kabla hajamaliza shule.

Tuanze nyumbani. Chumba cha kupanga mtaani kwetu huitwa "kumi kwa kumi", yaani futi 10 kila upande. Futi moja ni sentimita 30.48, hivyo kila upande ni mita 3.048. Zidisha upande kwa upande, utapata mita za mraba 9.29. Humo ndimo mna kitanda, jiko, mitungi ya maji, na pazia ambalo nyuma yake mtu anajaribu kusoma. Ukitaka sentimita za mraba, usizidishe kwa 100 kama wafanyavyo wengi. Zidisha kwa 10,000, kwa sababu mita moja ya mraba ina sentimita 100 kwa urefu na 100 kwa upana.

Sasa tuje kwenye pesa. Wazazi wetu wengi wamo katika vyama, wakiweka akiba kidogo kidogo ili wanunue ploti nje ya mji, labda Ruai au Kitengela. Broka huwaambia, "Hii ni hamsini kwa mia, thumuni ya ekari kamili!" Hebu tupige hesabu. Futi 50 kwa 100 ni mita za mraba 464.5. Ekari moja ni mita za mraba 4,047 hivi, na thumuni yake, sehemu moja ya nane, ni 506. Pana upungufu wa mita za mraba 41. Hivyo ni vyumba vinne vya kumi kwa kumi, na karibu nusu ya chumba cha tano!

Wapo watakaosema, "Aah, thumuni ni jina tu la mtaani." Sawa, lakini mbona bei hupangwa kwa jina hilo?

Tena hatimiliki huandikwa kwa hekta. Hekta moja ni mita za mraba 10,000, kwa hiyo ploti ile ni hekta 0.0465 hivi, ilhali thumuni kamili ni 0.0506. Mzazi akiziona sufuri hizo hunyamaza, akatia sahihi. Wahenga hawakukosea waliposema mali bila daftari hupotea bila habari.

Ombi langu kwa walimu wa hesabu: tupeni maswali ya chumba na ploti, si ya shamba la mkulima tusiyemjua. Nasi wanafunzi tuketi na wazazi wetu, kalamu mkononi, kabla pesa hazijatoka mfukoni. Elimu bila amali ni kama nta bila asali.