Ghorofa tunaliona, mkopo hatuuoni

Makamanda, tuseme ukweli. Kijana wa Mwanjelwa au Kihesa akitamani fleti mpya ghorofani, benki wanamuuliza kwanza slipu ya mshahara. Muuza nyanya wa Ilula na mkulima wa viazi wa Uyole wataitoa wapi?

Haya, tuseme wewe ni mwalimu, unayo. Benki Kuu yenyewe imekuwa ikitaja riba za mikopo ya nyumba za asilimia 15 hadi 19. Chukua 16, tusiwaonee. Kopa milioni 80 kwa miaka 15: rejesho ni kama milioni 1.17 kila mwezi, na mpaka unamaliza umelipa zaidi ya milioni 211. Theluthi moja ya mshahara lazima ibaki mkononi, kwa hiyo uwe unalipwa karibu milioni 1.8 na huna deni jingine. Mwalimu gani huyo? Mbunge labda.

Halafu hati. Fleti haina kiwanja chake peke yake. Benki inashika hati ya sehemu ya jengo, kwa sheria ya 2008. Kama mwenye mradi hajazitoa hati hizo, benki haina cha kushika. Wewe unabaki na risiti ya malipo ya awali.

Sheria ya mikopo ya nyumba nayo ni ya 2008, na TMRC ikaanzishwa 2010 ili mabenki yapate fedha za muda mrefu. Serikali ni ileile. Basi ituambie: katika fedha hizo, ngapi zimefika Mbeya na Iringa?