Bima ya Mtunza Wagonjwa ni Deni la Mwajiri Pia

Tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi ya mfuko wa zamani wa bima ya afya (NHIF) nchini Kenya, watu wanaoajiriwa kuwaogesha, kuwalisha na kuwainua wazee na wagonjwa majumbani wamebebeshwa peke yao gharama ya bima ambayo waajiri wao walipaswa kuichangia, na kosa hilo linahitaji kurekebishwa kwa sheria.

Mchango wa bima ni asilimia 2.75 ya kipato, nao hauwezi kupungua shilingi 300 kwa mwezi. Mwenye mshahara hukatwa kila mwezi, ilhali asiye na ajira rasmi hupimwa uwezo wa kaya yake, kisha hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Mtunza wagonjwa hulipwa na mwajiri anayejulikana, lakini kwa kuwa mwajiri huyo mara nyingi hamsajili wala hampi hati ya mshahara, huhesabiwa kama aliyejiajiri na kudaiwa angalau shilingi 3,600 kwa pamoja.

Watetezi wa utaratibu huu husema kwamba huduma za msingi katika zahanati hazidai mchango, kwamba mpango wa Lipa SHA Pole Pole humkopesha asiyejiweza, na kwamba kumwongezea mwajiri mzigo kutapunguza ajira. Hata hivyo, zahanati haina uwezo wa kumpasua aliyeumia uti wa mgongo kwa kuinua mgonjwa, na mkopo hurejeshwa na yuleyule mnyonge.

Hoja inayomaliza ubishi imo katika sheria za Kenya zenyewe. Katika akiba ya uzeeni ya NSSF, mwajiri hutoa kiasi sawa na cha mfanyakazi. Katika tozo ya nyumba za bei nafuu, kila mmoja hutoa asilimia 1.5, lakini katika bima ya afya, mwajiri hachangii hata senti. Bunge limemtaka mwajiri achangie nyumba ambazo huenda mfanyakazi wake asiishi humo kamwe, likamsamehe kuchangia tiba ya mwili unaochakaa kwa kumtumikia yeye. Anayelipwa shilingi 8,000 kwa mwezi hutoa shilingi 300, yaani asilimia 3.75 ya kipato chake, huku mwenye laki moja akitoa asilimia 2.75 tu. Kuuita mpango huo bima ya jamii, ilhali maskini hutozwa kiwango kikubwa kuliko tajiri na anayenufaika na jasho lake hatoi chochote, ni kuwadhihaki wanaotunza wazazi wa taifa.

Kwa hiyo Bunge limlazimishe kila mwajiri wa nyumbani kumsajili mfanyakazi wake, kulipa nusu ya mchango na kuuwasilisha kila mwezi, nalo liondoe kiwango cha chini kwa wenye mishahara midogo. Anayeweza kumlipa mtu wa kumtunzia mzazi wake anaweza pia kuchangia shilingi 150 kwa ajili ya afya ya mtu huyo.