Konokono hana kosa, kosa letu

Mwenzenu nimekosana na dada yangu kwa ajili ya konokono. Msicheke!

Ilikuwa hivi. Kinyozi wa jirani alipohama aliniachia tangi lake la kioo, lile la samaki wa mapambo. Nikaliweka sebuleni, wageni wakija wanasema mambo si hayo! Miezi miwili haijapita, usiku mmoja nawasha taa, lahaula! Kioo kimejaa konokono wembamba, wamejisokota kama skrubu. Mchana huwaoni, wamejifukia mchangani. Usiku ndo wanatoka kula ukungu wa kijani na masalia ya chakula cha samaki.

Kuulizia, kumbe ni Melanoides tuberculata. Wafuga samaki wa Ulaya humwita tarumbeta wa Malaysia, lakini msidanganyike, hata ziwani hapa Mwanza ni kwao. Na kina dada sikilizeni hii: jike hahitaji dume! Anazaa peke yake, tena watoto kamili, hatagi mayai. Akiingia mmoja tu tangini, umekwisha. Ukizidisha chakula cha samaki ndo wanafurika.

Mimi nacheka, dada hacheki. Mwanawe wa miaka tisa aliwahi kuugua kichocho, kila akienda chooni ni damu. Sasa dada kamkuta mtoto katia mkono kwenye lile tangi.

"We mdogo wangu, unataka kuniulia mwanangu?"

Akashika ndoo, anakwenda kumwaga vyote mtaroni. Nikamwomba, dada yangu, twende kwanza kwa bwana afya. Tukaenda na konokono wawili kwenye chupa ya jamu.

Bwana afya akawatazama, akasema hawa sio. Wa kichocho cha tumbo ni bapa, kajiviringisha kama kamba. Wa kichocho cha mkojo, ukimshika ncha juu, mlango wa gamba lake uko kushoto. Tena akatuambia kule Martinique, visiwa vya Karibea, miaka ya 1980 huyu tarumbeta alipelekwa makusudi awabane konokono wa kichocho, na wakapungua kweli.

Halafu akasema neno lililotunyamazisha. Hakuna konokono anayezaliwa na kichocho. Mgonjwa akijisaidia majini, mayai yanaanguliwa, vijidudu vinamwingia konokono. Wiki kadhaa baadaye vinatoka vingine, vinapenya ngozi ya anayeoga. Yaani konokono tunamwambukiza sisi, naye anaturudishia.

Lakini tusijisahau, akaonya. Tarumbeta naye hubeba minyoo mingine, kwa hiyo ukigusa tangi nawa kwa sabuni. Na maji yake usimwage mtaroni wala ziwani, usije ukasambaza viumbe vya dukani visivyo vya hapa.

Njiani dada kimya. Tulipofika pale ufukweni watoto wanapoogelea, akaonyesha kichaka pembeni. "Choo chao ndo kile," akasema. "Mvua ikinyesha, vyote ziwani."

Nikainamisha kichwa. Kichaka kile nakijua, utotoni kilikuwa changu pia.

Konokono wamebaki. Mtoto amekatazwa kutia mkono, na jioni ile dada alimwita mwenyekiti wa mtaa, wakazungumza habari ya choo.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa.