Dawa ya saratani: mara moja kwa wiki si kutwa mara moja

Wagonjwa wengi wa saratani kutoka Kilosa na Mikumi hupangiwa dozi Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Saratani Ocean Road au, kwa watoto, Hospitali ya Taifa Muhimbili. Wengine hurudi nyumbani na vidonge vya kuendelea navyo. Hapo dozi iliyopangwa vizuri inaweza kugeuka sumu kwa neno moja lililosomwa vibaya.

Dawa za tibakemia huua seli zinazogawanyika haraka: za saratani, lakini pia za damu, mdomo na utumbo. Ndiyo maana dozi hupigiwa hesabu kwa uzito na urefu wa mgonjwa. Pengo kati ya dozi inayotibu na inayodhuru ni dogo.

Hata hospitali kubwa hukosea. Mwaka 1994, Betsy Lehman, mwandishi wa safu ya afya katika gazeti la Boston Globe nchini Marekani, alikuwa akitibiwa saratani ya matiti katika taasisi ya Dana-Farber. Dozi ya siklofosfamidi iliyopaswa kugawanywa kwa siku nne alipewa yote kila siku, kwa siku nne. Alifariki Desemba 3, akiwa na miaka 39. Kosa liligunduliwa mwaka uliofuata, kumbukumbu zilipopitiwa upya. Dawa hiyo hiyo hutumika kutibu saratani ya Burkitt, ambayo huvimbisha taya za watoto wa Afrika Mashariki.

Kwa mgonjwa aliyeko nyumbani, dawa ya kuangalia zaidi ni metotreksati. Hutibu baadhi ya saratani za damu, na kwa dozi ndogo hutumika pia kwa baridi yabisi. Vidonge vyake mara nyingi humezwa siku moja tu kwa wiki. Duniani wapo waliokufa kwa kuvimeza kila siku. Kwetu kosa hilo ni rahisi kutokea. Tumezoea bahasha za dawa zilizoandikwa 1x1 au 1x3, na zote humaanisha kutwa. Bibi aliyeachiwa mtoto atafuata mazoea hayo, na hatakuwa na kosa.

Kwa hiyo, mzazi, usitoke kliniki bila karatasi ya Kiswahili yenye jina la dawa, idadi ya vidonge na siku yenyewe. "Mara 1 kwa wiki" haitoshi. Iandikwe "Jumatatu tu". Omba na namba ya simu ya kliniki. Dozi ikisahaulika, usimeze mbili kufidia, piga simu. Usinunue Septrin wala dawa ya maumivu dukani bila kuuliza, kwani baadhi huongeza sumu ya metotreksati mwilini.

Dalili za dozi kuzidi ni vidonda mdomoni, kutapika, kuhara, homa ya nyuzi 38 au zaidi, na kutoka damu puani au kwenye fizi. Lakini usizisubiri, maana huweza kuchelewa siku kadhaa. Ukigundua dozi imezidi, simamisha dawa hiyo na uende siku hiyo hiyo Hospitali ya Wilaya Kilosa au St. Kizito Mikumi, ukiwa na boksi na karatasi yako. Mwombe daktari awapigie walioanzisha tiba. Ipo dawa ya kupunguza makali ya metotreksati, asidi ya foliniki, na husaidia zaidi ikitolewa mapema. Vidonge vya asidi ya foliki wanavyopewa wajawazito si mbadala wake.

Mzigo huu usiachiwe familia peke yake. Shirika la Afya Duniani lilizindua mwaka 2017 kampeni ya kupunguza madhara ya makosa ya dawa. Kwetu hatua ya kwanza ni ndogo: kila mgonjwa anayeruhusiwa Dar es Salaam, barua ya dozi yake ifike pia hospitali ya wilaya yake.

Usikatishe tiba kwa hofu, na dozi ikizidi usifiche kwa kuogopa lawama. Kila saa inayopita bila kusema humpunguzia mgonjwa nafasi ya kupona.