Kabla ya kuchangia pawatila, tazameni palizi

Nikiitwa kwenye kikundi cha wakulima wa mpunga na neno mashine likatajwa, haipiti nusu saa tunazungumzia pawatila. Naelewa sababu. Kulima na kuchavanga jaruba kwa jembe la mkono ni mateso, na pawatila ikiingia kwenye jaruba lenye maji, kazi ya siku nyingi inakwisha kwa saa chache. Lakini mimi nasema, na wapo wenzangu wasiokubaliana nami, kikundi chenye hela kidogo kisianzie hapo.

Tukumbuke Kilimo Kwanza. Kaulimbiu ile ilizinduliwa mwaka 2009, na pawatila zikasambazwa halmashauri nyingi nchini. Baada ya muda nyingi zilionekana barabarani zikivuta tela, zimebeba tofali, mchanga, hata abiria. Watu walicheka, mimi sioni cha kucheka. Kulima ni kazi ya wiki chache kwa mwaka, tela inaingiza hela kila siku. Mwenye deni atachagua tela. Tena pawatila kwenye udongo mzito uliokauka inahangaika tu. Inataka jaruba lililolowa, na bonde linalongoja masika kule Muheza au Pangani si sawa na skimu yenye mfereji kama ya Mombo.

Sasa njoo kwenye palizi. Shamba likilimwa haraka, mtu anaongeza eneo. Aliyekuwa na nusu eka anakwenda eka nzima. Nani atapalilia? Mama yule yule, kwa mgongo ule ule, ameinama kwenye maji tangu asubuhi. Magugu nayo hayamsubiri. Wiki za mwanzo baada ya kupandikiza ndizo mpunga unataka uwe safi. Ukichelewa hapo, mbolea uliyonunua inaliwa na magugu. Ndiyo maana utakuta mtu kaongeza eka na magunia hayakuongezeka.

Kuna mashine ndogo ya kupalilia, ya kusukuma kwa mikono, ina magurudumu yenye meno. Unatembea wima katikati ya mistari, inafukia magugu na kuvuruga tope. Haili mafuta, na bei yake huwezi kuilinganisha na ya pawatila. Fundi mzuri wa kuchomelea akipata sampuli anaiga.

Ila ina sharti, nalo ndilo linalowashinda wengi: mistari. Ukipandikiza holela, mashine itang'oa mpunga pamoja na magugu. Chuo cha KATC pale Moshi kimefundisha wakulima kupandikiza kwa mistari tangu miaka ya 1990, kwa hiyo jambo lenyewe si geni. Kwa kilimo shadidi nafasi ni sentimita 25 kwa 25. Chukua kamba, piga mafundo, watu wawili washike ncha. Pitisha mashine mara ya kwanza siku ya 10 hadi 12 baada ya kupandikiza, maji yawe ya sentimita 2 au 3 tu, kisha rudia baada ya siku 10. Sitawadanganya: mwanzoni kamba inachelewesha upandikizaji, na gugu lililobanana na shina bado utaling'oa kwa mkono.

Kinachonisumbua zaidi ni vibarua. Palizi ni kazi inayowapa hela akina mama wengi, wengine hawana jaruba lao kabisa. Mashine ikifika, upesi inashikwa na kijana wa kiume, naye ndiye analipwa. Yule mama anabaki pembeni na jembe lake, kapumzika mgongo lakini mfuko mtupu. Jamani, hilo si jambo la kuachia lijipange lenyewe. Kikundi kikinunua, mashine zikabidhiwe kwa wale wale wanaopalilia sasa, wao ndio wakodishe kwa jaruba, na bei ipangwe kwenye mkutano wao wakiwepo. Ile ya kupura ya kukanyaga kwa mguu nayo iende kwa utaratibu huo huo.

Kikundi kinachotaka kujaribu msimu huu kitenge jaruba moja tu, nusu kwa mistari na nusu kwa mtindo wa zamani, na mtu mmoja aandike siku za kazi na hela iliyotoka kila upande. Kamba nitakuja nayo mimi.