Baraza ni Haki ya Mpita Njia

Wazee wetu wa Mji Mkongwe wa Unguja, waliojenga kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, kuta zikawa nene hata jua la adhuhuri lisipenye ndani, hawakuridhika kustarehe peke yao; bali wengi wao walitoa nje baraza ya mawe, ambapo hadi leo muuza kahawa hutua dele lake, na hamali hupumzika bila ya kubisha hodi, ukingo ukiwa umelainika kwa makalio ya vizazi. Majumba ya vioo tunayoyasimamisha Dar es Salaam, viyoyozi vikitema joto barabarani, humstarehesha mwenyewe na kumdhuru jirani. Rai yangu, naisema kwa dhati, kibali cha ujenzi kisitolewe kwa ramani isiyompa mpita njia kivuli wala pahali pa kukaa.