Mto Usiokubali Haraka



Wengi wetu tukijaliwa siku moja ya mapumziko huijaza shughuli kuliko siku ya kazi, na jioni hurudi nyumbani tumechoka maradufu. Juma hili twapenda kuwashirikisha yale tuliyojifunza huko Uingereza, tuliposhinda siku nzima katika Mto Avon, ndani ya mashua ndefu na nyembamba.

Mashua hizo zina upana wa takriban mita 2.1 tu, ingawa urefu wake waweza kufikia mita 21. Umbo hilo lilitokana na mifereji iliyochimbwa tangu karne ya 18, yenye malango membamba. Zilibeba makaa ya mawe, zikivutwa na farasi, na mara nyingi familia nzima iliishi katika chumba kidogo nyuma ya shehena. Leo zina injini, lakini mwendo wake ungali ule wa mtu atembeaye kwa miguu.

Tulifungua kamba asubuhi mjini Stratford-upon-Avon, tukalipita kanisa la Utatu Mtakatifu alimozikwa Shakespeare mwaka 1616. Tulipokabidhiwa kana ya usukani ndipo tulipojua udhaifu wetu. Ukitaka kwenda kulia, waisukuma kushoto. Kisha wangoja, kwa maana mashua haitii papo hapo. Sisi hatukungoja, tukaugonga ukingo mara mbili.

Mahali ambapo mto unashuka pana chumba cha maji chenye milango mbele na nyuma. Mashua ikiisha kuingia, milango hufungwa, nayo maji huachiliwa polepole mpaka yalingane na yale ya chini. Kabla hayajalingana, hata tusukume kwa nguvu zetu zote, mlango haufunguki. Basi tuliketi, tukawatazama bata, tukazungumza. Tulikumbuka kwamba ni muda mrefu hatujazungumza hivyo.

Je, huo ni uvivu? Sisi twasema sivyo. Mtu asiyepumzika huanza kuwaona wenziwe kama vizuizi njiani. Lakini lipo jambo moja linalotugusa zaidi. Sehemu ya juu ya mto huo haikupitika kwa vyombo kwa takriban karne nzima. Ni watu wa kujitolea, wakiongozwa na David Hutchings, walioyajenga upya malango yake, nayo ikafunguliwa tena mwaka 1974. Utulivu tulioufurahia ulikuwa jasho la wengine. Na wale waliozaliwa na kulelewa juu ya shehena za makaa hawakuyajua maji hayo kuwa mahali pa starehe.

Kwa hiyo, tunapopanga mapumziko yetu, tujiulize: ni nani anayefanya kazi ili sisi tupumzike? Dada anayetusaidia nyumbani, mlinzi wa lango letu, dereva wetu, je, wao nao wana siku yao? Au tunawasifu kwa uvumilivu, kumbe tumewanyima haki? Pumziko linalonunuliwa kwa uchovu wa mwingine si pumziko kamili.

Juma hili, kabla hatujatafuta siku yetu, tumpe mmoja wao siku yake, bila kumkata ujira.

Tunawatakia Dominika yenye utulivu.